Vidonge vya Kutimiza Thelathini

Kwa miezi kumi, swali lililoninyima usingizi halikuwa kama nitapona. Lilikuwa hili: nimwambie Mama kuhusu vile vidonge, au ninyamaze? Nikimwambia, atajua kwamba vilikuwa vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, na binti asiyeolewa aliyekutwa na vidonge vya majira hana la kujitetea mbele ya mama yake. Nikinyamaza, Ramadhani itarudi na mdogo wangu Mwanaidi atavimeza kama nilivyovimeza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Swali hilo nililigeuza kila upande. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikiambiwa "tutakupigia", nakaa siku tatu nikiipima sauti ya aliyesema. Nina shahada ya ugavi na bahasha yenye nakala za vyeti, na tangu nimalize chuo nilikuwa nyumbani kwetu Nianjema, Bagamoyo, nikimsaidia Mama kazi yake ya kukaanga samaki huku nikisubiri kuitwa kwenye usaili. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Tuko watatu: Mama, mimi, na Mwanaidi ambaye anajifunza cherehani. Mwanaidi amenipa ruhusa ya kumtaja humu, kwa sharti nisimfanye mjinga kuliko alivyokuwa.

Wanawake wenzangu wa Kiislamu watanielewa upesi, ila kwa asiyejua nitaeleza. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi. Siku hizo atazilipa baadaye, peke yake, wakati nyumba nzima inakula mchana. Na katika mwezi wenyewe inabidi ale kwa kujificha, nyuma ya mlango, akitafuna polepole asisikike. Chuoni, hosteli, kulikuwa na wasichana walioichoka habari hiyo na wakajua dawa yake. Unanunua vidonge vya majira, unameza kimoja kila siku bila kupumzisha, na siku zako haziji mpaka Idi ipite. Tulikuwa tukiambiana, "Mwaka huu thelathini kamili." Nilifanya hivyo Ramadhani mbili chuoni, na ya tatu nikaifanya nyumbani.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mimi, ninayesoma hadi maandishi ya nyuma ya mfuko wa sabuni, sikuwahi kusoma karatasi ya vidonge hivyo. Sikupewa karatasi. Niliuziwa pakiti tu, bila boksi, zimefungwa kwenye gazeti, na nilikuwa na haraka ya kutoka dukani kabla hajaingia mtu anayenijua.

Nyumbani, Mama alihesabu. Mama yeyote huhesabu.

"Mbona wewe hupumziki kama mwenzio?" akaniuliza mwezi ulipofika katikati.

"Mzunguko umevurugika, Mama," nikasema. "Ni mawazo ya kazi."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Neno hilo, mawazo, nililitoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na baadaye likanirudia mdomoni mwa kila mtu.

Kichwa kilianza siku ya ishirini hivi ya Ramadhani. Kaskazi ilikuwa imekaza, nami nilikaa na joto la karai la mafuta na kuni mbele yangu tangu alasiri mpaka karibu na adhana ya magharibi. Mwanzoni nilikiita kichwa cha saumu, kile kinachoisha ukishakula tende na kunywa chai. Hiki hakikuisha. Nikilala kinazidi, nikikaa kinapungua. Asubuhi nikiamka nahisi kama mtu amenijaza maji kichwani na kuziba. Nikiinama kuokota kijiko, naona vitu viwili viwili.

Niliandika yote kwenye daftari, kwa sababu ndivyo nilivyo. Niliandika tarehe, saa, kushoto au kulia. Sikuandika vidonge. Hata kwenye daftari langu mwenyewe niliogopa kuviandika.

"Msomi kichwa kimejaa," Mwanaidi alinitania. "Toa vyeti vingine, uweke nje."

Zahanatini walinipima malaria, hakuna. Presha, sawa. Muuguzi akanitazama, akauliza nafanya kazi gani, na Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba bado, anasubiri. Muuguzi akatabasamu kama mtu aliyepata jibu. "Apunguze mawazo," akasema, na akanipa dawa za maumivu. Nilipotoka nikaona aibu. Niliamini. Nilijiambia, Zuhura, umejifikirisha mpaka umejitia ugonjwa.

Mjomba wetu Shomari alikuja kutoka Mkange na gunia la mahindi mabichi. Nilimwamkia shikamoo kutoka pale nilipolala, akaitikia marahaba, akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Huyu ana mtu," akamwambia Mama kwa sauti ya chini, akimaanisha jini. "Anakaa sana peke yake, anaandika-andika. Wanapenda watu kama hawa."

Siku ya pili akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, niyanywe baada ya kufuturu. Nilikunywa. Nasema kweli, usiku ule nilijisikia nafuu, na sasa nadhani ni kwa sababu yalikuwa maji mengi kuliko niliyokunywa wiki nzima. Daku nilikuwa naamka nimechelewa, napiga mafunda mawili, narudi kulala.

Siku ya ishirini na sita, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi ya futari. Mwanaidi alikuwa akichambua mchele pembeni. Niliacha kukuna ili nipumzike. Mkono wa kulia haukuacha. Uliendelea kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kifuu kikadondoka na bado ukawa unakuna hewa.

"Dada, acha mzaha," Mwanaidi akasema. "Magharibi inakaribia."

Nilitaka kumwambia si mimi. Niliutazama mkono ule kama ninavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha ukapanda begani, ukafika shavuni, na hapo kumbukumbu yangu inakatika. Nasimuliwa kwamba niliuma ulimi, na kwamba Mwanaidi, badala ya kupiga kelele, alinigeuza ubavu na kuusogeza ule mbuzi wa nazi nisijikate. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilipelekwa hospitali kwa bajaji, na kesho yake kwa gari la wagonjwa mpaka Dar es Salaam. Nakumbuka dari ya gari. Nakumbuka Mama ameupakata mkoba wangu mapajani, na mimi kila gari lilipoingia shimo nikiutazama mkoba, kwa sababu pakiti ilikuwa humo, kwenye kimfuko cha zipu.

Baada ya picha za kichwa, daktari kijana mwenye sauti ya taratibu alituambia kwamba damu imeganda katika mshipa mkubwa unaoitoa damu ubongoni. Akaniuliza maswali mengi. Kisha akauliza: "Unatumia dawa yoyote? Vidonge vyovyote, hata vya kununua dukani?"

"Huyu?" Mama akajibu. "Hata panado namlazimisha."

Daktari akanitazama mimi. Mkoba ulikuwa mapajani mwa Mama, mikono yake yote miwili juu yake.

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Jioni Mwanaidi alikuja na uji. Mama alipotoka kwenda kuswali, aliinama akaninong'oneza: "Nimevitoa mkobani. Nimeviweka kwangu. Usiwe na wasiwasi." Nikalia kwa kumshukuru. Sikufikiri, mimi ninayefikiri kila kitu, kwamba vidonge vilivyotoka kwangu sasa viko kwake.

Idi ilinikuta wodini. Takbira ilisikika kutoka ng'ambo ya ukuta na wanawake wa vitanda vya jirani wakaitikia, wengine kwa nusu ya mdomo, maana nusu nyingine ilikuwa imekufa. Nilichomwa sindano za tumbo asubuhi na jioni mpaka tumbo likawa na madoa ya zambarau kama bilinganya zilizobonyea. Siku zangu, zile nilizozizuia mwezi mzima, zilikuja wiki hiyo kwa fujo, na dawa ya kuilegeza damu ikazidisha. Mama alifua, akaanika, akarudi, hakuuliza kitu. Nilikuwa napenda aulize. Nilikuwa naomba asiulize.

Mkono wa kulia ulikuwa mzito kama umelaliwa. Kufunga kifungo ilikuwa kazi ya robo saa. Siku moja simu yangu iliita, sauti ikasema nimeitwa kwenye usaili, na nikaishika simu kwa mkono wa kushoto nikashindwa kupata neno "nimelazwa". Nilijua ninataka kusema nini. Neno lilikuwa limekaa mahali na halikutaka kuja.

Tulirudi Bagamoyo masika imeanza. Kuanzia hapo nilihesabu muda kwa kliniki. Kila baada ya wiki mbili, safari ya Dar kupimwa damu, kuongezewa au kupunguziwa vidonge vya kuilegeza damu. Nikaambiwa nisibadilishe-badilishe kiasi cha mboga za majani, kwa sababu zinaivuruga dawa, na Mama akawa anapima kisamvu kwa upawa mmoja, uleule, kama anapima dhahabu. Nilipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Nikigonga goti kwenye kitanda, doa lilikaa wiki tatu. Mwanaidi alihamishia kitanda chake karibu na changu, na kila nikikoroma vibaya alinigusa bega.

Hiyo haina maana kwamba tulikaa kwa amani. Mama alipunguza kwenda sokoni kwa sababu yangu, na alipokuwepo alinikagua kama samaki wa jana. "Unafikiri nini tena?" aliniuliza kila nikinyamaza. "Mawazo ndiyo yaliyokufikisha huku." Mjomba akaja akasema angalau mara moja nipelekwe kupungwa jini. Mama akakosana naye, wakapatana. Na mimi katikati yao nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza kila siku pamoja na dawa.

Kwenye benchi la kliniki, kipupwe kile, ndipo tulipozoeana na Mama Gulshani. Ni mama wa Kihindi wa hapahapa Bagamoyo, mwenye duka la vitambaa; Mwanaidi hununua nyuzi kwake. Mumewe, Bwana Amirali, alipata kiharusi, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja, "kesho". Ukimsalimia anasema kesho. Ukimuuliza ana njaa, kesho.

"Na wewe mbichi hivi unafanya nini huku?" Mama Gulshani aliniambia siku ya kwanza, akinisogezea nafasi. "Benchi hili la wazee. Tukianza kugombania na watoto, sisi tutakaa wapi?"

Mama yangu akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Siku nyingine, Mama akiwa dirishani kufuatilia faili, yule mama alinieleza habari za mumewe. Alikuwa na dawa za presha. Kila asubuhi alimwambia mkewe ameshameza. "Nikamkuta nazo baada ya kuanguka, nyingi, kwenye mfuko wa koti la harusi. Alikuwa ananificha nisimgombeze. Miaka arubaini nimempikia, mimi wa kuogopwa?" Akamfuta mate mumewe kwa ncha ya mtandio. "Ningemgombeza, kweli. Ningemgombeza sana. Halafu angemeza."

"Kesho," akasema Bwana Amirali.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikayachambua kama mchele. Nikaona yananihusu. Kisha nikaona hayanihusu, kwa sababu yeye aliacha dawa na mimi nilimeza. Kisha nikasoma mtandaoni kwamba wanawake wengi wanameza vidonge vile miaka na miaka bila tatizo. Basi huenda si vidonge. Na kama si vidonge, nitamvunja Mama moyo bure. Hivyo ndivyo akili yangu inavyofanya kazi: ikiona mlango, inatafuta sababu ya kutoupita.

Mwisho wa mwezi wa sita wa matibabu daktari alipekua faili langu lote. "Ningependa kukuachisha dawa," alisema. "Lakini sijapata sababu ya damu yako kuganda. Ugonjwa usio na sababu siwezi kuugeuzia mgongo. Tuendelee." Akauliza tena, kama kila mara: "Hakuna dawa nyingine yoyote?" Mama akasema hapana. Nami nikasema hapana. Hiyo ilikuwa hapana ya kumi na mbili au ya kumi na tatu.

Vuli ikaja ikapita. Mkono ukarudi kidogo kidogo. Mwandiko wangu ukawa wa mtoto wa darasa la pili, kisha wa darasa la nne. Kaskazi ikaanza kuvuma tena. Sokoni wakaanza kuuliza tende zitakuja lini. Ilikuwa Shaabani.

Mchana mmoja tulikuwa chumbani, Mwanaidi akishona na mimi nikichambua vifungo kwa mkono wa kulia, zoezi langu. Akasema bila kuinua macho: "Dada, nimeshaanza vile vyako."

"Vyangu vipi?"

"Vya thelathini. Ulisema mtu aanze mapema ndiyo vishike. Leo cha nne."

Vifungo vilinimwagika. Nikamwambia aache, leo, sasa hivi.

"Wewe ulimeza miaka mitatu," akasema. "Na daktari alisema damu, hakusema vidonge."

"Daktari hajui habari za vidonge."

"Basi na wewe hujui." Akakata uzi kwa meno. "Mwaka jana ulinikuta nyuma ya mlango na chapati, ukanicheka. Umesahau? Ulisema mwakani utanipa na mimi nifunge kama watu."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimecheka, nikiwa na kichwa kinachopasuka.

"Kama ni sumu," akasema, "mwambie Mama."

Alijua siwezi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga mjadala. Akarudi kwenye cherehani, na baada ya muda nikamwona anasimama, anakanda paji la uso kwa vidole viwili, hapa juu ya jicho.

"Kichwa?" nikauliza.

"Kidogo tu. Jua."

Kliniki yangu ilikuwa keshokutwa. Siku hizo mbili nilimtazama alivyolala. Nilimuuliza akilala kinazidi au kinapungua; akanijibu nimwache, nisimwambukize mawazo yangu. Nikamwomba pakiti, akakataa. Asubuhi ya safari nilimwomba anisindikize, nikadai nina kizunguzungu. Alipokwenda kuoga nilifungua kopo lake la sindano na kuitoa pakiti. Vitundu sita vilikuwa vimepasuliwa upya. Nikaifungia kwenye ncha ya khanga yangu, mahali ambapo mtu hufungia nauli, na njia nzima mpaka Dar niliishika.

Sikuwa nimeamua. Nataka anayesoma ajue hivyo, asije akadhani kuna siku utaamka una ujasiri. Kwenye benchi nilikuwa bado na hoja nne za kunyamaza, nzuri zote. Mama Gulshani hakuwepo siku hiyo. Nafasi yake alikaa mtu mwingine, na sikuthubutu kuuliza.

Tukaitwa. Niliingia mimi na Mama, nikamvuta na Mwanaidi. Mimi nikakaa kiti cha mgonjwa, Mama cha pili, Mwanaidi akasimama karibu na mlango. Daktari akapima mkono wangu, akaniambia nisukume, nivute, akaandika. Halafu, macho yakiwa kwenye faili, akauliza lile lake.

"Hapana, daktari," Mama akasema, "huyu hata—"

"Mama, ngoja."

Nilihangaika na fundo la khanga. Vidole vya kulia havikuweza, nikalifungua kwa meno. Nikaiweka pakiti mezani, juu ya faili langu.

"Nilikuwa nameza hivi," nikasema. "Mwezi mzima wa Ramadhani, bila kupumzisha. Na miaka miwili ya nyuma yake."

Mama akaichukua. Hakuwa na miwani. Akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Vya nini?"

"Vya majira. Ili siku zangu zisije, nifunge thelathini. Hakuna mwanamume, Mama. Wallahi hakuna."

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini.

"Uliniambia ni mawazo," Mama akasema.

"Nilikudanganya."

Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa tayari, karibu nilitamani. Lakini macho yake yalikuwa yameteremka tena kwenye pakiti, na kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya vitundu vilivyo wazi, kimoja kimoja, vile vipya ambavyo karatasi yake bado inang'aa.

"Hivi vimetolewa karibuni," akasema. "Wewe ulilala hospitali mwaka jana. Nani amevila?"

Chumba kizima tukageuka mlangoni.

"Sita," nikasema. "Na kichwa kinamuuma tangu juzi."

"Kinakuumaje?" daktari akamuuliza.

Mwanaidi alimtazama Mama.

"Mjibu daktari," Mama akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Mwambie kila kitu. Mimi nipo hapahapa, siendi popote."

Nikainuka kwenye kiti cha mgonjwa, nikampisha mdogo wangu.